Wharram Percy: si tauni iliyokihamisha kijiji

Ukitaja mahame ya Uingereza, wengi hukimbilia jibu moja: tauni ya 1348–49 iliua watu wote. Wharram Percy, kijiji cha Yorkshire, husimuliwa hivyo hivyo. Sivyo. Tauni ilikipunguza, kweli, lakini watu waliendelea kulima na kuzikana hapo kwa zaidi ya karne moja.

Kilichowaondoa ni kondoo. Sufu ilikuwa na bei, na kondoo mia huhitaji mchungaji mmoja tu na mbwa wake, wakati shamba la nafaka linataka mikono mingi. Basi mnamo 1500 kabaila mwenye ardhi akazifukuza familia chache zilizobaki, mashamba yakageuzwa malisho. Hilo ndilo wanaakiolojia walilothibitisha walipochimba hapo kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990.

Leo misingi ya nyumba ni matuta ya nyasi tu. Kanisa la Mtakatifu Martin lingali limesimama, bila paa, nusu ya mnara wake ikiwa imeporomoka mwaka 1959. Na mifugo? Bado inakula nyasi juu ya vizingiti vya watu.