Je, wajua? Ile 15 kwenye galoni ya oili haina kazi kubwa Mombasa

Mwenye trekta la zamani, tuseme Massey Ferguson 135 la kubebea mchanga au la kulimia huko Mwakirunge, akiingia duka la spea Changamwe huulizwa neno moja tu: "Ya ngapi?" Wengi hujibu "kumi na tano arobaini" kwa mazoea. Jibu si baya. Ila katika namba hizo mbili, ni moja ndiyo inayomhusu hasa mtu wa Pwani.

Ile 15W ni kipimo cha baridi. Oili hupimwa maabara kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kuangalia kama injini itazunguka. Sisi hata usiku wa Julai, kusi likivuma, tunazunguka nyuzi 20 juu ya sifuri. Namba ya pili, 40, ndiyo inayoonyesha uzito wa oili ikishapata moto wa nyuzi 100, na huko kwenye moto ndiko trekta linakoshinda kutwa. Muuzaji akikupandishia bei ya 5W-40 kwa hoja kwamba 5 ni bora kuliko 15, anakuuzia kinga ya baridi usiyokuwa nayo.

MF 135 lilitengenezwa kati ya 1964 na 1975, na vitabu vya matrekta vya enzi hizo vilizoea kutaja oili yenye namba moja tu badala ya mbili: nyepesi kwa baridi, 30 au nzito zaidi kwa joto. Oili ya 40 tupu bado ipo madukani na hapa kwetu inafaa. Hata hivyo mimi ningechukua 15W-40 ya kawaida, kwa sababu hupatikana kila mahali na dawa zake, yaani kemikali zinazochanganywa ndani ya oili, kwa kawaida ni za kisasa zaidi.

Sasa njoo kwa wale wanaotia oili nzito ili moshi upungue na injini inyamaze. Ni kweli moshi hupungua. Mshale wa presha nao hupanda, mwenye trekta akafurahi. Lakini presha kupanda si lazima oili iwe imefika. Mara nyingi maana yake ni kwamba inapita kwa shida. Asubuhi ukipiga stata, oili nzito huchelewa kupanda juu kwenye roka, vile vyuma vinavyofungua valvu, na vyuma husagana vikavu kwa muda. Ringi za pistoni zilizoisha haziponi kwa oili. Kama unangoja pesa za kufungua injini, tia 50 ukijua unanunua muda tu.

Oili nyepesi mno nayo ina balaa yake. Injini nyingi za Perkins za zamani, kama ile ya dizeli ya MF 135, zina sili ya kamba nyuma ya krankshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka, na kamba ile haibani kama sili za mpira za leo. Ukitia oili nyepesi, utaliona tone sakafuni.

Baada ya namba, soma herufi. Oili ya dizeli huanza na C: CH-4, CI-4, CK-4. Yenye S peke yake ni ya petroli, iache. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi, na salfa iliyomo kwenye mafuta ikiungua na kukutana na maji huzaa asidi. Mwaka 2015 dizeli ya Kenya iliwekewa kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, kwa hiyo asidi si nyingi kama zamani, lakini masizi yapo palepale. CH-4 au CI-4 yatosha kabisa. Oili za daraja la juu zaidi zilitungwa kwa kujali filta za moshi za injini mpya, na trekta lako halina filta hiyo.

Usishtuke oili ikawa nyeusi siku chache baada ya kubadilisha. Imeyashika masizi yasigande kwenye vyuma, na hiyo ndiyo kazi yake. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa: hiyo ni maji. Kwa unyevu wa Pwani, trekta linalowashwa dakika kumi kwa wiki hukusanya maji ndani bila hata gasketi kuharibika. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja kwenye kifuniko cha bati kilichopata moto vizuri, ukisimama kando. Likichatachata na kuruka, lina maji.

Na kama trekta lilikuwa likitiwa oili ya bei ya chini miaka yote, ukibadili ukatia nzuri, itaanza kung'oa uchafu wa zamani. Uchafu huo utaenda kuziba filta. Nunua filta mbili: moja ya leo, nyingine ya kubadilisha mapema, nusu ya muda wa kawaida.