Kasoro kwenye kristali siyo ubovu

Jamani hii ya "perovskaiti ina kasoro ndo maana haiwaki" nimeisikia mara nyingi mno, leo acha niiseme. Perovskaiti ni familia ya kristali zenye mpangilio wa atomu wa aina moja, na baadhi yake zikimulikwa zinatoa mwanga wao wenyewe. Kasoro ya kristali ni pale mpangilio wa atomu unapoharibika kidogo: atomu haipo mahali pake, au pamekaliwa na nyingine, au imejibanza isipotakiwa. Basi.

Shida watu wakisikia kasoro wanasikia ubovu. Sasa mtu akikwambia saa tatu kasoro robo unaelewa kwamba saa imeharibika? Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, ni la upungufu, na kwenye CsPbBr3, ile ya sesiamu, risasi na bromini, linakaa pake kabisa maana kasoro inayotokea kirahisi ni bromini kukosekana, nafasi inabaki wazi. Swali ni hiyo nafasi inaifanya nini elektroni. Elektroni iliyopandishwa na nishati inatakiwa ishuke ikutane na tundu lake, yaani pengo iliyoliacha chini ilipopanda, itoe fotoni, yaani chembe ya mwanga, sasa kama kasoro imeweka ngazi, yaani kiwango cha nishati cha kukalia, katikati ya pengo la nishati (eneo ambalo kwenye kristali isiyo na kasoro elektroni haina pa kukaa), elektroni inanasa pale, nishati inaishia kuwa joto, mwanga hakuna. Ila ngazi ya bromini iliyokosekana iko karibu na ukingo wa juu wa pengo, elektroni ikiingia inachomoka tena.

Ndo maana 2015 timu ya mkemia Maksym Kovalenko kule Zürich, Uswisi, ilipotengeneza chembe za nano (kristali ndogo mno) za familia hii ya CsPbBr3, zile bora zilirudisha mpaka fotoni 90 kwa kila 100 zilizomeza, bila kuvishwa ganda la kuziba kasoro za usoni kama zinavyofanyiwa chembe za kadimiamu selenaidi, ambazo nazo hutoa mwanga. Mulika kichupa cha hizo za bromini kwa tochi ya zambarau ya kukagulia noti, kinajaa kijani chote. Sisemi kasoro hazidhuru, zikizidi kwenye uso wa chembe mwanga unashuka, na zikizibwa kwa bromini ya ziada unapanda.

Halafu kuna strontiamu titaneti, nayo perovskaiti. Watafiti Japani waliipiga kwa ioni za argoni, ikapungukiwa oksijeni, ikaanza kutoa mwanga wa buluu kwenye joto la kawaida la chumba, hiyo ni 2005. Yaani pale kasoro ndo imeleta mwanga!

Kwa hiyo ndugu yangu ukiandika tena usiishie "ina kasoro", taja atomu gani imekosekana na ngazi yake iko wapi, kama ambavyo ukiulizwa saa huwezi kusema "saa tatu kasoro" halafu ukanyamaza.