Je, wajua? Kumbukumbu za waasisi wa HP ziliungua zikiwa mikononi mwa kampuni nyingine

Ingia steshenari yoyote ya Arusha mjini kutoa kopi, uwezekano mkubwa utaikuta printa ya HP. Herufi hizo ni majina ya watu wawili, Bill Hewlett na Dave Packard, walioanza kazi mwaka 1939 kwenye gereji huko Palo Alto, California. Hawakuanza na printa wala kompyuta. Walianza na kifaa cha kuzalisha mawimbi ya sauti kwa ajili ya vipimo, na kampuni ya Walt Disney ikawa miongoni mwa wateja wao wa mwanzo kwa kununua vinane.

Barua, hotuba na maandishi ya waasisi hao yalijaza maboksi zaidi ya 100. Mwaka 2005 yalithaminiwa kwa karibu dola milioni 2. Oktoba 2017, moto wa nyika ulioingia mji wa Santa Rosa ukayateketeza, yakiwa kwenye eneo la kampuni iitwayo Keysight. Swali ni hili: nyaraka za HP zilifikaje huko?

Zilifika kwa njia ya mgawanyo. Mwaka 1999 HP iliamua kubaki na kompyuta na printa, na biashara yake ya asili, yaani vifaa vya upimaji, ikaundiwa kampuni mpya, Agilent. Mwaka 2014 Agilent nayo ikagawanyika, na vipimo vya elektroniki vikaenda Keysight. Mwaka uliofuata HP yenyewe ikawa kampuni mbili. Ni kama mirathi ambayo mtoto mmoja amerithi jina la baba, na sanduku la barua zake likabaki kwa mwingine. Nyaraka za waasisi zilifuata vifaa vya upimaji, hazikufuata jina.

Mtunza nyaraka wa zamani aliyesaidia kuzikusanya alilalamika hadharani kwamba wakati wa HP zilikaa kwenye chumba maalumu chenye kinga ya moto, na kwamba kuzihamishia kwenye jengo jepesi ulikuwa uzembe. Keysight walijibu kwamba walizitunza ipasavyo, ila moto ule ulikuwa wa kupita kiasi. Kwa maoni yangu ubishi wa jengo ni wa pili. La kwanza ni nakala: karatasi isiyo na nakala ikiungua, imepotea moja kwa moja.

Hapo ndipo mtu huuliza, kampuni za kompyuta zinashindwaje kuskani? Kuskani kwenyewe si kazi ngumu, ila inachosha: kung'oa pini zenye kutu, kunyoosha karatasi laini za taipureta, kisha kulipatia kila faili jina na maelezo, maana faili lisilo na maelezo halitafutiki. Halafu faili lenyewe linadai kuhamishwa kila teknolojia inapobadilika. Aliyehifadhi kazi zake kwenye diski za flopi ajaribu leo kuzunguka maduka ya kompyuta ya Arusha akitafuta pa kuzisomea. Tepu za sumaku ni mtihani zaidi. Gundi ya baadhi yake hufyonza unyevu na kunata, na mafundi hulazimika kuzipasha joto la nyuzi kama 50 kwa saa kadhaa ili zisomeke kwa muda mfupi tu. Karatasi haidai mashine. Inadai chumba kikavu, chenye ubaridi wa wastani, na macho.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa mpangilio tofauti, huhitaji kwenda mbali. Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, kuna majengo ya Umoja wa Mataifa yaliyozinduliwa Novemba 2016, na mojawapo lilijengwa mahsusi kwa nyaraka za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, lakini suala la nani atamiliki majalada yake lilikuwa limeshaamuliwa miaka mitano kabla, katika Azimio namba 1966 la Baraza la Usalama: ni mali ya Umoja wa Mataifa, na hayaguswi popote yalipo.

Kampuni ya biashara haina azimio la namna hiyo. Nyaraka zake ni mali kama meza na viti, na siku ya kugawana huenda kwa yeyote ambaye wanasheria wameandika jina lake.