Si kila saratani ya ubongo kwa mtoto ina mwisho mmoja

Ikisikika tu kwamba mtoto ana saratani ya ubongo, watu huanza kuomboleza kabla majibu ya maabara hayajatoka. Imani kwamba mtoto huyo hatapona ni ya siku nyingi, na haikuzuka hewani: zamani kisu cha upasuaji peke yake hakikufua dafu. Ila jina hilo moja limebeba magonjwa mengi yasiyofanana.

Chukua meduloblastoma, inayoota nyuma ya kichwa, kwenye sehemu inayosimamia mizani ya mwili. Mtoto huamka kichwa kikimuuma, anatapika, kisha anaanza kuyumba akitembea. Ni kali, na yaweza kusambaa kupitia majimaji ya uti wa mgongo. Hata hivyo, kwa upasuaji, mionzi na dawa, wengi hupona. Katika kundi lake la kijenetiki liitwalo WNT, watoto zaidi ya 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye.

Glioma (saratani ya seli zinazotegemeza neva) iliyotapakaa kwenye shina la ubongo ni habari nyingine, na hapa sitapamba maneno. Haiondoleki kwa upasuaji, mionzi huituliza kwa miezi tu, na wengi hufariki ndani ya miaka 2.

Kwa hiyo daktari aulizwe kwanza: ni aina gani, na imesambaa?