Mboga Kwenye Nchi ya Theluji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Watu wakisikia kwamba kuna familia zinazoishi kwa kulima mboga jimboni Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, swali lao la kwanza ni la baridi. Mboga gani itakayostahimili nyuzi 20 chini ya sifuri? Swali ni la haki, lakini mkulima wa huko anayeijua kazi yake hutazama urefu wa mchana kabla ya kutazama kipimajoto. Dhana nyingi potofu kuhusu kilimo hiki zimezaliwa na kusahau jambo hilo moja.

"Baridi ndiyo inayozuia mboga kukua."

Mchana ukiwa mfupi kuliko saa 10, mboga nyingi hukaribia kusimama kukua. Maine, kwenye latitudo ya 44 kaskazini, hali hiyo huanza wiki ya kwanza ya Novemba na kudumu hadi wiki ya kwanza ya Februari. Hata ukiwasha moto usiku kucha ndani ya kitalu nyumba, spinachi itaongezeka kidogo sana, kwa sababu mwanga wa kujitengenezea chakula haupo. Sisi tuliozoea mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima si rahisi kulifikiria hilo.

Aliyelieneza somo hili ni Eliot Coleman, mkulima wa Harborside, kwenye pwani ya Maine. Alinunua ardhi yake mwaka 1968, na baadaye akaizingatia ramani: shamba lake lipo kwenye latitudo sawa na kusini mwa Ufaransa, ambako watu huvuna mboga za majani wakati wa baridi. Jua la Harborside halikuwa pungufu kuliko la huko. Kilichohitajika ni kuikinga mimea na upepo na baridi kali. Akajenga vitalu nyumba vya plastiki visivyo na moto, na ndani yake akavifunika tena vitanda vya mboga kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Kwa hesabu yake, kila tabaka ni sawa na kulihamisha shamba takriban kilomita 800 kuelekea kusini.

Lakini plastiki peke yake haitoshi. Mbegu lazima ziwe ardhini mapema, kati ya Agosti na Septemba kwa mazao mengi, ili mimea iwe imekaribia kukomaa kabla ya Novemba. Kuanzia hapo kitalu ni ghala la mboga zilizo hai: unakata unachouza, na hutarajii nyingine ziote haraka. Anayechelewa wiki moja Septemba huweza kusubiri wiki kadhaa za ziada. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana Agosti ndiyo mwezi ambao nyanya, matango na wateja vyote vinakudai kwa pamoja.

"Jani likiganda limekufa."

Nyanya, matango na mrehani hufa kweli kwa jalidi ya kwanza, yaani baridi ya kugandisha. Spinachi ni habari nyingine. Baridi inapoongezeka polepole, mmea hujaza sukari kwenye majani yake, na sukari hiyo hushusha kiwango cha kuganda. Ndiyo maana karoti iliyoachwa ardhini hadi Desemba ni tamu kuliko ya Agosti. Asubuhi utakuta majani yamekakamaa. Usiyaguse. Ngoja hadi jua liyayeyushe, kisha kata. Ukiyakata yakiwa yameganda yatageuka rojo.

Vitunguu saumu ndivyo vinaitaka baridi yenyewe. Hupandwa Oktoba, hufunikwa kwa majani makavu, na huhitaji majuma ya baridi ili baadaye vijigawe punje. Bila hiyo unaweza kuvuna kitunguu kisicho na punje. Theluji juu yake ni msaada, kwani hewa iliyonaswa ndani yake huzuia joto la ardhi lisitoroke. Mavuno ni Julai.

"Kitalu nyumba ukishakijenga, kazi imekwisha."

Hapana. Siku yenye jua, nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, ndani kunaweza kupita nyuzi 20 ifikapo adhuhuri. Usipofungua madirisha, unyevu unakaa na ukungu wa kijivu unaanza kula majani. Theluji nzito nayo huvunja vyuma, kwa hiyo familia huamka usiku wa dhoruba kuisukuma ishuke kutoka juu ya plastiki. Moto hutumika zaidi kwenye chumba kidogo cha miche, ambako nyanya huanzishwa Machi, ili fedha ya gesi isiteketee kupasha hewa tupu.

"Iceland ndiyo mzalishaji mkubwa wa ndizi Ulaya."

Habari hii inazunguka sana. Ndizi zipo kweli, kwenye vitalu vya shule ya kilimo cha bustani karibu na mji wa Hveragerði, lakini ni chache na hazifiki sokoni. Visiwa vya Canary vya Hispania huizidi Iceland kwa mbali mno. Kilimo cha kweli cha biashara huko ni cha nyanya na matango, kwa maji ya moto yatokayo ardhini. Na hata hao wenye joto la bei nafuu hulazimika kuwasha taa wakati wa baridi, maana mwanga hautoki kwenye chemchemi.

Geuza jambo hilohilo la mwanga upande wa majira ya joto uone. Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, kwenye bonde la Matanuska, mchana wa Juni hukaribia saa 19, na mwaka 2012 kabichi moja kwenye maonyesho ya Palmer ilipimwa kilo 62.7.

"Majira ya baridi mkulima hupumzika."

Januari ni mwezi wa kuagiza mbegu, na vitunguu maji husiwa kwenye chumba cha miche kabla theluji haijayeyuka. Hizo ni gharama za wakati ambao mapato ni kidogo. Ndiyo sababu mashamba mengi ya familia huuza hisa za mavuno: mteja hulipa mapema, kisha hupokea kapu la mboga kila wiki. Marekani utaratibu huo ulianza mwaka 1986, Massachusetts na New Hampshire. Nauheshimu sana, kwa kuwa mteja hubeba sehemu ya hatari ya mkulima.

"Mtu wa Afrika hawezi kilimo hicho."

Karibu na Lewiston, Maine, Wasomali Wabantu, ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania ya leo, na ambao wengine bado wanasema Kizigula, wanalima mahindi na mboga chini ya jumuiya yao. Maarifa ya udongo na jembe walikuja nayo. Kilichobaki kujifunza ni kalenda: mchicha na mahindi huingia ardhini jalidi ya mwisho ikishapita, mwishoni mwa Mei au Juni, na mbegu ichaguliwe iliyo na uhakika wa kukomaa kabla jalidi haijarudi.