Václav Klaus: mchumi aliyepewa nchi nzima

Ninapofundisha kuhusu nchi zilizotoka kwenye uchumi wa mipango, ambamo dola ndiyo hupanga bei na uzalishaji, huanza na mtu kabla ya nadharia, na mtu huyo ni Václav Klaus. Wachumi wengi huandika juu ya soko maisha yao yote bila kupewa hata kiosk cha kuendesha. Klaus, Desemba 1989, alikabidhiwa Wizara ya Fedha ya Chekoslovakia, nchi ambayo karibu kila kiwanda, duka na mgahawa ulikuwa mali ya dola, akatakiwa aunde soko pasipo na soko. Baadaye akawa waziri mkuu, spika wa bunge na rais kwa miaka 10. Nimemsoma kwa muda mrefu, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: Klaus alizielewa bei kwa kina ambacho wanasiasa wachache wamewahi kuwa nacho, lakini aliipa sheria nafasi ya pili, na Wacheki wa kawaida ndio waliolipa.

Alizaliwa Prague tarehe 19 Juni 1941, mji ukiwa mikononi mwa Wanazi. Alihitimu chuo kikuu cha uchumi cha jiji hilo mwaka 1963, akasoma Italia mwaka 1966 na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1969. Kumbuka mwaka huo. Vifaru vya Kisovieti vilikwisha kuingia Prague Agosti 1968, na aliporudi nyumbani msako wa wenye fikra huru ulikuwa unaendelea. Mwaka 1970 alilazimika kuondoka katika Taasisi ya Uchumi ya Akademia ya Sayansi. Miaka ya 1970 na sehemu kubwa ya miaka ya 1980 aliitumia Benki ya Taifa kama mtumishi wa kawaida. Hakuwahi kujiunga na Chama cha Kikomunisti. Hapo benki aliendesha semina zilizowavuta wachumi waliotaka kusoma zaidi ya vitabu rasmi, na Milton Friedman na Friedrich Hayek, wachumi watetezi wa soko huria, walikuwa walimu wake wa mbali. Kwa hiyo utawala ulipoanguka Novemba 1989, Jukwaa la Kiraia, vuguvugu la upinzani la mwandishi wa tamthilia Václav Havel, lilikuwa na washairi, wanafalsafa na waigizaji wa kutosha. Aliyeweza kueleza nini kifanyike kuhusu fedha ya nchi Jumatatu asubuhi alikuwa Klaus.

Alianza na bei, na hapo ninampa alama za juu. Thamani ya koruna, sarafu ya nchi, ilishushwa kwa awamu mwaka 1990 hadi karibu koruna 28 kwa dola ya Marekani, kisha kiwango hicho kikashikiliwa. Tarehe 1 Januari 1991 bei nyingi ziliachiwa huru kwa siku moja. Mfumuko wa bei wa mwaka huo ulifika takribani asilimia 57, jambo lililowaumiza wastaafu hasa, lakini mwaka uliofuata ulishuka hadi karibu asilimia 11. Linganisha na Poland au Urusi za wakati huo, ambako akiba za watu ziliyeyuka, utaona kazi iliyofanywa. Siri yake haikuwa ya ajabu: bajeti iliyobanwa, fedha isiyochapishwa ovyo, na kiwango cha kubadilisha fedha kilichowapa wafanyabiashara kitu cha kushikilia.

Shida ilianzia kwenye umiliki. Maduka na migahawa iliuzwa kwa mnada na haikuleta tabu kubwa. Viwanda vikubwa je? Wananchi hawakuwa na mitaji, wageni wangenunua kwa bei ya kutupa, na wakurugenzi wa zamani walikuwa tayari wanajimegea. Klaus na naibu wake Dušan Tříska wakaja na kuponi. Kila raia mtu mzima aliweza kununua kitabu cha kuponi na stempu yake kwa koruna 1,035, kama mshahara wa wiki moja hivi, akapata pointi 1,000 za kuombea hisa.

Utaratibu wenyewe ni mzuri mno kwa mtu wa fani yangu, na naomba uvumilie nikiueleza. Vitabu vya uchumi vina mnadi wa kufikirika wa mchumi Mfaransa Léon Walras: anataja bei, anatazama nani anataka nini, anapandisha au anashusha, mpaka mahitaji na ugavi vikutane. Wacheki walimtoa mnadi huyo kitabuni. Serikali ilitangaza bei ya hisa za kila kampuni kwa pointi. Maombi yakiwa machache kuliko hisa, waliopeleka maombi walipata, na bei ya zilizobaki ikashushwa kwa raundi inayofuata. Maombi yakizidi mno, pointi zilirudishwa na bei ikapandishwa. Wimbi la kwanza, mwaka 1992, lilikuwa na raundi 5, kampuni karibu 1,500, na washiriki takribani milioni 8.5 Wacheki kwa Waslovakia. Hakuna nchi iliyokuwa imejaribu jambo hilo kwa ukubwa huo.

Mwanzoni watu walisita. Kisha kijana mmoja aliyesoma Marekani, Viktor Kožený, akatangaza kwamba mifuko yake ya uwekezaji, aliyoibatiza Harvard ingawa chuo hicho hakikuhusika, ingekurudishia pesa zako mara 10 baada ya mwaka na siku moja. Misururu ikajaa. Zaidi ya theluthi mbili ya pointi zote za wimbi hilo zikaishia kwenye mifuko kama hiyo.

Kisha yakafuata madhara nchini, na hapa nashindwa kumwonea Klaus huruma. Mwenye hisa mdogo hakuwa na ulinzi wowote wa maana. Meneja wa mfuko aliweza kuuza mali ya kampuni kwa kampuni nyingine aliyoimiliki mwenyewe, kwa bei aliyojipangia, nje ya soko la hisa ambako hakuna aliyeona bei hiyo. Mwaka mmoja baadaye unabaki na hisa za jengo tupu. Soko la hisa la Prague lilianza biashara mwaka 1993. Tume ya kulisimamia iliundwa mwaka 1998. Miaka 5! Wala mifuko mingine mikubwa haikuwa ya matapeli: ilikuwa ya mabenki ambayo dola bado ilikuwa na hisa nyingi ndani yake. Benki inaikopesha kampuni, mfuko wa benki hiyohiyo unaimiliki kampuni hiyo, na benki yenyewe ni ya serikali. Nani atadai deni? Mikopo chechefu ikarundikana hadi mabenki makubwa yakalazimika kuokolewa na kuuzwa kwa wageni.

Simo miongoni mwa wanaosema mpango mzima ulikuwa wizi tangu mwanzo. Kožený alikimbilia Bahamas na mahakama ya Prague ikamhukumu miaka 10 jela mwaka 2010 bila yeye kuwapo. Klaus anastahili lawama ya aina nyingine. Kasi aliichagua kwa makusudi, akiamini wamiliki wowote watadai sheria nzuri baadaye. Waliokwisha kupora hawakuwa na sababu ya kuidai.

Katikati ya hayo yote nchi iligawanyika. Baada ya uchaguzi wa Juni 1992 Klaus, sasa waziri mkuu wa Wacheki, alijadiliana na Vladimír Mečiar wa Slovakia katika Villa Tugendhat mjini Brno, na tarehe 1 Januari 1993 zikazaliwa dola mbili bila risasi hata moja. Mke wa Klaus, Livia, naye mchumi, ni mzaliwa wa Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Sarafu ya pamoja ilidumu wiki chache tu, noti zikabandikwa stempu za kuzitofautisha na kila upande ukashika njia yake. Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi mkubwa.

Mei 1997 walanguzi wa sarafu waliishambulia koruna, na benki kuu ikaacha kuishikilia. Ilikwisha pia kufichuka kwamba michango mikubwa kwa ODS, chama cha siasa cha Klaus, iliandikwa kwa majina ya Mhungaria aliyekwisha kufariki na mkazi wa Mauritius asiyejua lolote. Pesa halisi zilitoka kwa mfanyabiashara aliyehusika na ununuzi wa kiwanda cha chuma cha Třinec. Novemba Klaus alijiuzulu.

Alirudi. Bunge lilimchagua rais mwaka 2003, na tena mwaka 2008 dhidi ya mchumi mwenzake Jan Švejnar. Dunia inamkumbuka kwa kuupinga Mkataba wa Lisbon, uliorekebisha mfumo wa Umoja wa Ulaya, aliousaini wa mwisho kabisa Ulaya Novemba 2009, na kwa kukataa hoja za mabadiliko ya tabianchi, ambako naona alitoka nje ya fani yake.

Mimi namkumbuka kwa tarehe 1 Januari 2013. Alitoa msamaha uliofungulia maelfu ya wafungwa, na ndani yake kikawekwa kifungu kilichofuta kesi za jinai zilizodumu zaidi ya miaka 8. Miongoni mwake zilikuwemo kesi kubwa za kiuchumi zenye waathirika wengi, baadhi zikiwa na mizizi katika miaka ya 1990. Shule na ofisi za halmashauri ziliteremsha picha zake ukutani. Machi 4 Seneti, baraza la juu la bunge, ilimshtaki kwa uhaini kwa kura 38 dhidi ya 30, siku tatu kabla muda wake haujaisha. Mahakama ya Katiba ilisitisha kesi hiyo mwezi huohuo kwa sababu hakuwa rais tena, na swali la msamaha wenyewe halikupata hukumu.