Mbwa akitapishwa na dawa ya viungo, usiseme "atazoea tu"

Naona watu wengi wanaambiana eti mbwa akianza kutapika au kuharisha akiwa kwenye dawa ya maumivu ya viungo kama carprofen au meloxicam, ni mwili unazoea, mpe tu na chakula aendelee. Hapana jamani. Chakula kinasaidia kiasi, kweli, ila shida sio kidonge kugusa tumbo tu, dawa ikishaingia kwenye damu inapunguza prostaglandini, zile kemikali zinazofanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe, kwa hiyo hata ukimpa na bakuli zima la chakula vidonda bado vinaweza kutokea. Akitapika, akiharisha au akikataa kula, usimpe dozi inayofuata, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kinyesi kiangalie kwa karibu: kikiwa cheusi kinanata kama lami, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, usisubiri kesho. Halafu tafadhali sana usimwongezee ibuprofen au aspirini ya kwako, na kama anatumia steroidi kama prednisolone daktari ajue mapema, zikichanganyika tumbo ndo linaumia zaidi.